Mrejesho: Toyota Altezza yangu na oili ya 5W-40

Wakuu, nimerudi. Niliuliza juzijuzi kuhusu geji ya presha ya oili kushuka kila nikilikimbiza gari kutoka Mtwara, nikifika Mingoyo na kusimama sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta). Nilikuwa na oili ya 0W-20, niliuziwa kwa maneno ya "inaokoa mafuta".

Fundi wangu alitaka niweke 20W-50. Yeye oili isipokuwa nzito kama asali haiamini! Aliyeniokoa ni yule mkuu aliyenifafanulia namba: ya kabla ya W ni ya injini ikiwa baridi, ya mwisho ni uzito oili ikifika nyuzi 100. Huku kwetu hakuna barafu, kwa hiyo kilichonitesa ni hiyo 20 ya mwisho.

Nikaweka 5W-40 sintetiki na filta mpya. Nimeenda Lindi na kurudi mara tatu, mguu chini: geji imetulia, na ule mlio wa tapeti (vyuma vinavyosukuma valvu) gari likiwa la moto umepungua. Ulaji wa mafuta sijaona tofauti.

Kava ya tapeti bado inavuja kidogo, lakini hiyo ni gasketi.

Mkuu uliyenifafanulia namba, ukipita Mikindani sema, kilo yako ya korosho ipo.