Afisa anasema "faili halina miguu", nimjibuje?

Wakuu, habari za jioni. Nafuatilia hati ya kiwanja cha mama kwenye halmashauri moja, jina silitaji. Ada zote nimelipa kwa namba ya malipo ya serikali, risiti ninazo. Ila kila nikienda naambiwa faili liko mezani. Juzi afisa akashika kalamu, akaitazama, akairudisha. "Dada, faili halina miguu. Jiongeze." Nikajifanya sijaelewa. Akacheka: "Jua lote hili, hata ya maji hakuna?"

Sitaki kutoa. Ila naogopa nikigoma kesho faili "halionekani". Namjibuje bila kumvunjia heshima?

Kibarua Huru: Mpe elfu ishirini yaishe. Unashindana na mwenye muhuri?

Mzee wa Pembeni: Kibarua, usimponze binti wa watu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, inambana anayetoa sawa na anayepokea. Binti, usimwite mla rushwa, utakuwa umetangaza vita. Mwambie: "Sawa kaka, kama kuna malipo yamebaki nitolee namba ya malipo, nalipa sasa hivi." Halafu kaa kimya, mwache yeye ahangaike na jibu. Akiendelea kuzungusha, andika barua kwa mkuu wa idara, weka namba ya faili na tarehe za risiti, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa pale masijala. Faili lenye barua juu yake halipotei kirahisi.

Jirani wa Voi: Poleni. Huku Kenya ni "chai", na trafiki akikuuliza "sasa tunasaidianaje?" ujue ndiyo hiyo. Malipo ya serikali siku hizi yanaingia kwa paybill 222222, lakini bado utamsikia mtu: "Hiyo ni ya serikali, na yangu je?"

Mama Nasra: Tusichanganye mambo lakini. Fundi kamaliza kazi ukampa ya soda, hapo hujanunua kitu, bei mlishapatana. Huyu anaomba kabla, kwa kazi anayolipwa mshahara. Wakubwa nao walikuwa na "takrima" yao, zile zawadi za wagombea kwa wapiga kura, ikaingizwa kabisa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, hadi Mahakama Kuu ilipoitengua 2006. Ukarimu gani huo wa kuja kila baada ya miaka mitano!

Kibarua Huru: Hayo yote sawa, ila barua nayo inalala mezani. Leseni yangu niliisubiri hadi nikachoka.

Mzee wa Pembeni: Ikilala, nenda TAKUKURU, ile taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania; piga 113, ni bure. Wapigie kabla hujatoa wala kuahidi chochote. Wana utaratibu wao wa kuweka mtego. Na usithubutu kumtumia hela kwa simu.

Mleta mada: Asanteni sana wakubwa zangu. Swali la mwisho: hati ikishatoka, nikampelekea soda kwa hiari yangu?

Mama Nasra: Mpelekee asante ya mdomo mwanangu. Kibali cha ujenzi utakifuata ofisi hiyo hiyo, na soda yako ataikumbuka.

Mleta mada: Hapo nimekupata mama. Barua naiandika usiku huu, mwenye mfano aniwekee hapa.