Yule mtangazaji wa jioni kamcheka marehemu wa sigara, tena hewani!

Wakuu, nina hasira mpaka simu inatetemeka mkononi. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayependa kuisikiliza sauti yake mwenyewe. Leo kagusia kesi za kampuni za sigara kule Marekani, akafika kwa Rose Cipollone, mama aliyeanza kuvuta akiwa na miaka 16, saratani ya mapafu ikamuua 1984 kesi ikiwa bado inaunguruma. Jamaa akanyamaza kidogo, akasema, "Kwani nani alimshikia kiberiti?"

Halafu AKACHEKA. Kicheko cha tumbo, kirefu kuliko habari yenyewe. Mwenzake akadakia, "Watu wanapenda hela!"

Hela gani? 1988 mahakama ilimpa mumewe dola 400,000, rufaa ikafuta, familia ikachoka ikaacha kesi. Hawakuambulia hata senti. Hilo hakulisema, alikuwa anacheka.

Hakusema pia kwamba 1994 wakuu saba wa kampuni hizo waliapa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, kisha mmoja baada ya mwingine wakasema hawaamini nikotini inaleta uraibu. Saba! Wala kwamba 2006 Jaji Gladys Kessler alihukumu kuwa kampuni ziliudanganya umma kwa miongo. Yeye kaona kiberiti tu.

Baba yangu alivuta miaka thelathini. Mwishoni alikuwa anapumzika mara tatu kabla hajamaliza vifungo vya shati. Nimesikia kile kicheko nikaviona vidole vyake vimeganda kwenye kifungo cha pili. Nani alimshikia kiberiti! Mtu mzima na kipaza sauti!

Siti ya Mbele: Nilisikia mkuu. Kicheko kile kinawasha gari lililokufa betri.

Mzee wa Hoja: Pole kwa mzee. Ila onyo si liko kwenye pakiti? Mtu ananunua mwenyewe, anawasha mwenyewe.

Mleta uzi: Onyo pakitini Marekani limeanza 1966. Rose kaanza kuvuta 1942. Alisome wapi, ndotoni?

Mzee wa Hoja: Angeacha hiyo 1966.

Mleta uzi: Uraibu unaujua au unausikia? Na wewe cheka basi, mfanye kwaya.

Kaa la Moto: Mnamlilia mtangazaji, majimbo je? 1998 majimbo 46 ya Marekani yalikubaliana na kampuni za sigara ziyalipe dola bilioni 206 kwa miaka 25. Nyingi zikaishia kuziba matundu ya bajeti. Mgonjwa yuko wapi hapo?

Chumvi Nyingi: Mleta uzi punguza munkari, zima redio ulale.

Dada wa Zamu: Mimi yule kaniudhi kwa matangazo ya kamari. Habari dakika mbili, kamari dakika kumi.

Siti ya Mbele: Kamari ndiyo sigara ya sasa.

Kaa la Moto: Afadhali kamari. Yule wa asubuhi anaongea juu ya wimbo mpaka unaisha.

Dada wa Zamu: Huyo wa asubuhi mfungulieni uzi wake, nina mengi.