Wiki nzima ya 1 Agosti, watu tele ndani ya lupango (kiwanja cha nyumba): tupeane uzoefu

Mtoto wa Katuba

Jambo yenu bote. Wageni wa mwisho wameondoka jana. Nimefua mashuka, nimeketi barazani na chai yangu, na kelele zao bado zimo masikioni. Kwetu Lubumbashi, Kongo, sikukuu ya wazazi ya 1 Agosti haijawahi kuwa siku moja. Inaanza watu wanapofika kusafisha makaburi, inaisha unga unapokwisha.

Mwaka huu tulilala watu 19 katika vyumba vitatu. Nkambo, bibi yetu, alitoka Likasi, kilomita kama 120, na kuku wanne ndani ya kikapu, pamoja na mwiko wake mwenyewe, kwa sababu wangu anasema ni wa kukorogea uji wa mtoto. Muyomba, kaka yake mama, alitoka Kolwezi na jamaa yake yote. Hata ndugu wa Ruashi, wenye nyumba yao humu humu mjini, walibeba magodoro wakaja kulala. Hawakutaka kusimuliwa asubuhi mambo yaliyochekesha watu usiku.

Tarehe 1 asubuhi tulikwenda makaburini na majembe na mifagio. Watoto walichota maji, wakubwa tukang'oa nyasi kavu, na vumbi jekundu la kiangazi likatupaka hadi kwenye kope. Nkambo aliketi kando ya kaburi la mume wake akamweleza taratibu nani amezaa, nani amehama, na mfuko wa unga sasa unauzwa bei gani. Hakuna aliyemharakisha.

Tukarudi kupika, na hapo ndipo nilipojifunza. Bukari, ugali wetu, ya watu 19 haipikwi kama ile ya watu watano. Mbabula, jiko la makaa, haikuweza kuibeba sufuria, ikabidi tupange mawe matatu uani na kuwasha kuni. Maji yakachemka, Nkambo akanyunyiza unga kidogo mpaka ukawa uji mwepesi, akaufunika. Mimi nikataka kumwaga unga wote uliobaki. Akanishika mkono: "Ngoja. Usikie, inapumua." Kweli, chini ya kifuniko uji ulikuwa unatoa sauti, pu, pu, pu. Ilipoanza kuwa nzito ndipo akanipa mwiko. Wasichana wawili walishika sufuria kwa vitenge huku na huku isizunguke, nami nikaongeza unga kidogo kidogo, nikiukandamiza kwenye ukingo wa sufuria ili usibaki na madonge. Jasho lilinitoka pamoja na baridi ya jioni. Tulikula kwa sombe (majani ya muhogo) ya karanga na mawese, bitoyo (samaki wa chumvi) na kuku wawili. Mfuko wa kilo 25 uliisha siku ya sita.

Haya, na ninyi? Nani alikuja, mlikula nini, ni lipi lililowavunja mbavu?

Mwana Kamalondo

Yetu ni ya firigisi. Nyumbani kwetu firigisi ya kuku ni ya baba, labda awepo mkubwa wake, hapo inakwenda kwa mkubwa. Wiki ile alikuja baba mukubwa, akaja na muyomba vilevile. Mama hakusema neno. Alichinja kuku watatu ili kila mzee apate yake.

Tunanawa mikono, wazee kwanza, mdogo wetu wa miaka mitano akizungusha jagi la maji. Sahani ikafunuliwa: firigisi mbili. Kimya. Baba mukubwa akaangalia, akauliza polepole, "Kuku ya tatu, iliishi namna gani bila firigisi?"

Yule mtoto, jagi mkononi, akamjibu, "Ilikuwa tamu, Papa."

Sijawahi kumwona baba akicheka namna ile, alitoka nje kupata hewa. Baba mukubwa aliigawa yake kwa vidole, nusu akampa muyomba. Kisha akamwita mtoto aketi katikati ya wazee, na wiki nzima mahali pake pa kula palikuwa pale. Nami nina miaka 26, bado nakula jikoni.

Fundi Ruashi

Yaya, mkubwa wetu wa Katuba, kwa watu 19 maji kiasi gani? Mke wangu anauliza, Jumamosi tuna watu 15.

Mtoto wa Katuba

Ndugu yangu, nilimwuliza Nkambo swali hilo hilo. Aliniambia nijaze sufuria chini kidogo ya nusu, mengine unga utanionyesha. Jambo moja nililoliona: tenga maji ya moto pembeni katika sufuria ndogo. Ukizidisha unga, unayaongeza kidogo na bukari inalainika. Ukiongeza ya baridi inaharibika. Na msianze bukari kabla mboga haijaiva. Watu wasubiri bukari, yenyewe isisubiri watu.

Mkwe wa Kasai

Ruhusa niongee. Mimi nimeolewa katika familia ya hapa Katanga, lakini nilikulia kwa mama yangu wa Kasai, na kwetu unga wa mahindi unachanganywa na wa muhogo. Bukari ya mahindi matupu inanishibisha vizuri, ila hainikumbushi kwetu.

Siku ya tatu ya wiki ile nilimwomba mama mkwe anipe jiko kwa mlo mmoja. Nilikuwa nimeficha unga wa muhogo chini ya kitanda tangu Julai. Bukari ikatoka laini, inavutika, inateleza mkononi. Shemeji mmoja akatazama tonge lake namna linavyorefuka, akasema hii inaweza kuziba tairi. Watoto wakacheka sana, nami machozi yalikuwa karibu.

Mama mkwe alikuwa anakula bila kuinua kichwa. Alipomaliza alisukuma sahani yake mbele yangu na kusema neno moja tu: "Ongeza." Yule shemeji naye akaongezwa. Kesho yake asubuhi alikuja jikoni kuuliza kama lilibaki donge la kula na chai.

Bado nasema ya mchanganyiko ndiyo tamu. Tusameheane.

Mama wa Kenya

Nimesoma zote nikicheka. Yangu ni tofauti kidogo. Nakaa komini Kenya, humu humu Lubumbashi, watu wangu wako Moba, mbali, hakuna aliyeweza kusafiri. Wazazi wangu walishafariki, na Mungu hakunipa mtoto. Nilijiandaa kuipitisha tarehe 1 nimelala.

Saa nne wakaingia wamama wanne wa likelemba yetu, kikundi chetu cha kuchangiana pesa, kila mmoja na kitu chake kichwani. Mmoja alileta kikanda. Mnajua kazi yake: vile viazi vidogo vya porini vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa na unga wa karanga, pilipili na soda ya kupikia mpaka vishikane, kisha kikipoa unakikata vipande kama nyama. Mwingine alileta ndoo ya munkoyo aliyoianza jana yake, uji wa mahindi uliotiwa mizizi iliyopondwa, umelala usiku mzima ukawa mwepesi na tamu. Wa tatu samaki wa Kasenga. Wa nne alileta michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, bado ina moto ndani ya karatasi, maana yeye hapendi kupika na anasema hivyo mbele ya watu wote.

Nyuma yao watoto wao, tisa. Wakubwa walinikataza kugusa mwiko. Nikaketishwa kwenye kiti cha mgongo, wakanawisha mikono yangu kwanza. Sombe yao ilikuwa na chumvi nyingi. Niliila yote, sahani mbili.

Waliendelea kuja hadi Jumapili. Nimenunua sufuria kubwa zaidi.

Mwana Kamalondo

Mama, mwakani tunakuja Kenya na firigisi zetu.

Mtoto wa Katuba

Nimempigia Nkambo simu Likasi, nikamsomea zote. Ya firigisi alitaka nirudie mara mbili. Mama wa Kenya, amesema ukianza kutumia sufuria mpya chemsha kwanza maganda ya muhogo ndani yake, umwage, ndipo upike chakula.

Mkwe wa Kasai, kwako alinyamaza kwanza. Kisha akauliza unakaa upande gani. Anarudi Lubumbashi mwezi ujao kwa mambo ya macho yake. Amesema ulete unga wako wa muhogo, mwiko ataleta yeye.