Mjadala: Anime itafsiriwe Kiswahili au iachwe na Kijapani chake?

Makambako_Junior
Wakuu habari za baridi. Hili jambo limetugombanisha mtaani tangu Jumamosi, naomba mnisaidie. Nilikuwa kibanda umiza kimoja hapa Makambako, mwenye kibanda kaweka anime, zile filamu za kuchora za Kijapani, inaitwa Silver Spoon, ile ya 2013 ya yule dada Arakawa aliyetunga Fullmetal Alchemist, inahusu shule ya kilimo kule Hokkaido. Dogo mmoja kashika maiki anatafsiri laivu, spika moja imepasuka lakini unasikia. Sasa kuna kijana Hachiken katokea mjini Sapporo, hajui hata yai linatokea wapi kwenye kuku, siku anaona alikataa kula kabisa. Kapelekwa banda la nguruwe, akakapenda katoto kamoja kadogo kuliko wenzake, kila kakitaka kunyonya kanasukumwa. Wenzake wakamuonya usikape jina, hako baada ya miezi michache ni nyama, utajiumiza. Akakaita Butadon, jina lenye nguruwe ndani yake. Mtafsiri akasema "kuanzia leo wewe ni Kitimoto", lile jina letu la mtaani la nyama ya nguruwe. Kibanda kizima kikacheka, watu wanapiga mabenchi. Baadaye siku ya Kitimoto kupelekwa machinjioni ilipofika hakuna aliyecheka. Mbele yangu kuna baba mmoja alivua kofia akaishika mkononi mpaka ikaisha. Mi naona yule dogo wa maiki kafanya kazi kubwa, mshkaji wangu anasema kaharibu kila kitu. Anime itafsiriwe au iachwe?

Otaku_wa_Kihesa
Kaharibu, tena vibaya. Sauti ni nusu ya kazi pale. Luffy wa One Piece anaigizwa na Mayumi Tanaka tangu anime inaanza Oktoba 1999, mama aliyezaliwa 1955, episodi zaidi ya 1,100 sauti ni ile ile. Goku wa Dragon Ball ni Masako Nozawa tangu 1986. Hawa watu wametoa maisha yao halafu unamwekea juu dogo na maiki anaongea pumba? Waamerika nao walianza hivi hivi, walipotafsiri Naruto wakamnyang'anya Sanji sigara wakampa pipi ya kijiti. Ukishamruhusu mtafsiri kuingiza mkono haishii kwenye neno moja. Mi nasema wazi, mtu anayeangalia ya kutafsiriwa hajaangalia anime, kaangalia katuni.

Binti_Uyole
Kihesa subiri kwanza. Kijapani na Kiswahili vinaelewana kwenye kitu ambacho Kiingereza hakina. Kwenye Naruto, Sasuke hamwiti Itachi kwa jina tu, anamwita niisan, yaani kaka. Kwenye sabtaito za Kiingereza mara nyingine unakuta wameandika Itachi basi, heshima yote imeyeyuka. Sisi tuna kaka, tuna dada, tuna mwalimu unayemsalimia shikamoo kabla hujamuuliza swali. Pale Itachi anapomgusa mdogo wake paji la uso kwa vidole viwili anamwambia nisamehe, siku nyingine, ukiisikia kwa Kiswahili na neno kaka ndani yake, mtoto yeyote wa nyumba ya watu wengi anajua kinachoumiza pale ni nini. Kwa hiyo sabtaito ya Kiingereza nayo ni tafsiri, tena ya lugha iliyo mbali zaidi. Hili mnalijibuje?

Fundi_Redio_Mafinga
Hajaangalia anime? Narudia kusoma naona ni hivyo hivyo umeandika. Kaka mimi shule yangu iliishia darasa la saba, sio kwa kupenda. Kiingereza cha maandishi kinapita pale chini nikiwa neno la tatu wao wameshafika sentensi ya pili. Na mchana kutwa nimeinamia redio ya mtu nachomelea waya, macho siwezi kuyatoa. Nikiweka ya kutafsiriwa nasikiliza, Naruto yote nimeisikiliza hivyo, zile 220 za mwanzo na Shippuden 500 za baadaye, mwaka mzima na zaidi. Jiraiya, mwalimu wake Naruto, alivyozama kule majini niliacha pasi ya kuchomea ikiwaka mezani mpaka ikatoboa kitambaa. Halafu mtu wa Kihesa mwenye bando ananiambia nimeangalia katuni.

Tukuyu_Mvua
Mie kwanza sijaelewa huyo baba wa kofia. Mtu mzima unamlilia kitimoto? Huku kwetu nyanda za juu mbona Ijumaa jioni foleni mnapanga wenyewe, kilo moja na ndizi za kuchoma. Na hiyo Silver Spoon sio anime ya kuwekea watu kibandani, hamna ngumi hamna nini, wanakamua ng'ombe. Anime ni Dragon Ball Z, episodi 291, ukitoka pale damu inachemka. Hizi za sasa ni za kulala. Frieren nimejaribu, mtu anatembea msituni anakusanya vitabu vya uchawi wa kusafishia sanamu.

Otaku_wa_Kihesa
Fundi usigeuze maneno, sijasema wewe hujui, nimesema kazi yenyewe inapotea.

Fundi_Redio_Mafinga
Umesema HAJAANGALIA. Maneno yako yapo pale juu, panda usome.

Dogo_wa_Soweto
Sanji yupo One Piece wewe Kihesa, sio Naruto. Kampuni ilikuwa 4Kids na ilikuwa 2004. Hao hao ndo kwenye Pokémon walichukua wali wa kufinyanga wakauita donati. Sasa mtu anayemchanganya Sanji na Naruto anatufundisha nani kaangalia anime na nani hajaangalia?

Na wewe Tukuyu, Frieren sio ya kulala. Ilianza Septemba 2023, episodi 28, sizoni ya pili ikaja Januari 2026. Yule dada ni elf, kiumbe wa hadithi anayeishi karne nyingi, kaishi zaidi ya miaka elfu moja, katembea miaka kumi na shujaa Himmel na wenzake akaona ni siku mbili tatu. Himmel anakufa mzee episodi ya kwanza kabisa, ndo Frieren anasimama kaburini analia kwamba hakufanya juhudi ya kumjua. Uliyempoteza bila kumuuliza maswali huwezi kuilala ile. Na hivyo vitabu vyake vya uchawi mdogo mdogo anavipenda kwa sababu Himmel alikuwa anavifurahia, ungefika mbele ungejua.

Tukuyu_Mvua
Sawa lakini bado mnamlilia nguruwe.

MamaMfugaji_Njombe
Watoto wangu, nilikuwa nasoma tu ila huyu wa Tukuyu kanigusa pabaya. Mimi nafuga. Unajua homa ya nguruwe? Haina tiba. Ikiingia bandani kwako asubuhi unakuta mmoja hali, masikio yamekuwa mekundu yanaelekea zambarau, jioni watatu wamelala, wiki haiishi banda ni tupu. Mimi ilinikuta, walikuwa kumi na mmoja. Huruhusiwi kuuza, huruhusiwi kula, unachimba shimo unafukia na chokaa. Kulikuwa na jike mmoja nilizoea kumkuna mgongo na fimbo ya ufagio kila jioni, alikuwa anajiegemeza mpaka anakaribia kuniangusha. Sikumpa jina kwa sababu hizo hizo mnazosema. Na nilimlilia. Wale watoto kumi wa shule waliokuwa wanakula kwa hao nguruwe waliniona nalia. Sasa njoo Njombe uniulize mtu mzima analiliaje kitimoto.

Tukuyu_Mvua
Mama pole sana. Mimi niliongelea watazamaji, sikuongelea wafugaji.

MamaMfugaji_Njombe
Huyo baba wa kofia umejuaje kama hafugi? Hapo Makambako?

Makambako_Junior
Anafuga mama. Nilimuuliza nje. Kasema tu "yule kijana alirudi kuinunua nyama yote". Maana Hachiken mshahara wake aliofanyia kazi likizo kwenye shamba la kina Mikage, mwanafunzi mwenzake, aliutoa wote akanunua nyama ya Butadon, akaikausha kwa moshi, akagawa kwa wenzake. Ila jamani swali langu la tafsiri mbona mmeliacha?

Dogo_wa_Soweto
Arakawa mwenyewe kakulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Hokkaido, kafanya kazi pale miaka saba kabla hajahamia Tokyo kuchora. Ndo maana hakuna uongo mle. Hata kwenye Fullmetal ile sheria yao kwamba huwezi kupata kitu bila kutoa kitu chenye thamani sawa, mi naona ni mawazo ya mtu aliyekamua alfajiri.

Binti_Uyole
Nilisoma kilimo, sio hapa Uyole, chuo kingine sikitaji. Mwaka wa kwanza tulikuwa watoto wa mjini wengi, tunaziba pua bandani. Mwalimu wa mifugo alitupa kila mtu ndama wake wa kumnywesha kwa ndoo, unatia vidole viwili mdomoni mwake ananyonya huku unashusha mkono taratibu mpaka aguse maziwa. Ulimi wake una mikwaruzo kama msasa. Kwenye ile anime kuna vitu vidogo kama hivyo, na hakuna anime nyingine imeniletea harufu ya lile banda. Halafu mnakaa hapa mnabishana kwamba bila ngumi sio anime. Hata Luffy sio ngumi tu, meli yao Merry ilivyochomwa moto baharini mlilia wote, na ile ni mbao.

Otaku_wa_Kihesa
Merry sio mbao. Usiniambie Merry ni mbao.

Binti_Uyole
Ndo namaanisha hivyo hivyo! Kama mbao inaliliwa, mnyama anayekula mkononi mwako hastahili?

Otaku_wa_Kihesa
Episodi ya 312. Merry anaomba msamaha yeye, anasema alitaka kuwabeba mbele kidogo zaidi. Sijawahi kuirudia. Na ndo nachopigania hapa, ile sauti ya Merry kwa Kijapani, mtu akipiga kelele juu yake na maiki anakuwa kaniibia.

Fundi_Redio_Mafinga
Sasa hapo nakuelewa. Ungesema hivyo mwanzo tusingefika huku. Lakini mimi hiyo hiyo niliisikia kwa Kiswahili, na mtafsiri pale alinyamaza. Alisema "meli inawaaga" halafu akaacha mziki uende. Mtafsiri mzuri anajua kunyamaza. Wale wa zamani kina Lufufu walikuwa wanajaza kila sekunde kwa sababu watu walitaka simulizi, ila siku hizi wapo vijana wanaojua. Tatizo ni mtafsiri mbovu, kama ilivyo redio, ikikoroma huachi kusikiliza redio, unatafuta fundi.

MamaMfugaji_Njombe
Mimi Silver Spoon niliwekewa kwenye flashi na kijana wangu, ya Kiswahili. Kijapani nitakijulia wapi. Na iliyonimaliza sio ya nguruwe hata. Ni ile ya mbele, yule kijana Komaba mcheza besiboli, familia yao ya ng'ombe wa maziwa wanashindwa deni. Ng'ombe wanapakiwa, yeye anaacha shule, ndoto ya mpira imekwisha. Na nyumba ya kina Mikage inaguswa kwa sababu waliwadhamini. Kudhamini! Baba wa watoto wangu alimdhamini jirani kwa kampuni moja ya mikopo, jirani akahamia Songea, wakaja kuchukua pampu ya maji na ng'ombe wawili mchana kweupe watoto wanaangalia. Nilikaa na simu gizani nikasema hawa Wajapani wamejuaje. Kama kijana asingeiweka ya Kiswahili ningeona watu wanapakia ng'ombe tu.

Dogo_wa_Soweto
Mama hiyo ni sizoni ya pili, 2014, episodi 11 kama ya kwanza. Hatukuwahi kupata ya tatu.

Tukuyu_Mvua
Sikujua ina mambo ya madeni. Mama nisamehe neno langu la mwanzo, kwetu pia baba alipoteza shamba la chai namna hiyo hiyo, ya kudhamini. Ila DBZ siiachi.

Otaku_wa_Kihesa
Mama shikamoo na pole. Mimi nabaki pale pale kwenye sauti, ila kuna kitu hamjakigusa. Butadon sio nguruwe tu. Ni bakuli la wali wenye nyama ya nguruwe juu, chakula cha Obihiro huko huko Hokkaido. Kwa hiyo jina lenyewe ni chakula kilichokwishapikwa, kipo mezani tayari. Kitimoto inakaribia, lakini wali umepotea.

Fundi_Redio_Mafinga
Huku kwetu ukisema Kitimoto hakuna anayewaza mnyama bandani. Unawaza kikaango, ndizi, pilipili pembeni. Kipo mezani tayari hicho. Dogo wa maiki alipatia.

Otaku_wa_Kihesa
Hmm. Hapo sina jibu la haraka.

Makambako_Junior
Ahsante, angalau mmerudi kwangu. Jumamosi hii mwenye kibanda anaweka sizoni ya pili. Dogo wa maiki kaomba msaada, wale farasi wakubwa wa kina Mikage wa mashindano ya ban'ei, wanaoburuta kibao chenye mzigo wa mamia ya kilo wanapanda vilima viwili vya mchanga, aiite mbio za farasi? Maana katikati ya kilima wanasimama kupumua, watu wanasubiri.

MamaMfugaji_Njombe
Asiite mbio. Aseme farasi wa kuburuta. Na pale wanaposimama asiseme kitu, aache watu wasikie pumzi zao.

Tukuyu_Mvua
Kiingilio bei gani? Nashuka na basi la asubuhi.