Nikifika kwa mgonjwa akili inaganda, nyie mnaanzia wapi kumpima?

nesi_mwaka_wa_pili:
Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa pili uuguzi, darasani hiyo ABCDE (hatua za kumpima mgonjwa: A njia ya hewa, B kupumua, C mzunguko wa damu, D ufahamu, E kumfunua mwili) naijua mpaka naiota lakini nikiwekwa mbele ya mgonjwa wa kweli naganda kabisa. Juzi zamu ya jioni niliambiwa nikamcheki mzee mmoja ana nyumonia, mimi moja kwa moja kwenye mashine ya presha, ikasoma 124 kwa 78, oksijeni 95, kwenye kupumua nikaandika 20 kama tunavyoandikaga wote, nikahamia kitanda kingine. Sista wa zamu akapita pale, hakugusa kitu, alisimama tu miguuni pa kitanda kama nusu dakika halafu akaniita akasema hesabu. Nikahesabu pumzi dakika nzima zikatoka 34. Mzee wa watu alikuwa amekaa ameinamia mbele, mikono kwenye magoti, akiongea anakata kila baada ya maneno mawili, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake muda wote huo sijaona. Daktari akaitwa, mzee anaendelea vizuri, ila mimi usingizi sipati. Naombeni mnifundishe, mnafanyaje mpaka jicho linaona?

mama_zamu_ya_usiku:
Pole mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza. Hiyo 20 ndo ugonjwa wetu, fungua chati za wodi nzima utakuta 20, 18, 20, 20, kama vile wagonjwa wote wamekubaliana kupumua pamoja. Na kupumua ndo kitu cha mapema kubadilika mtu akianza kuharibika, presha inaweza kukaa sawa masaa mengi wakati mwili unapambana. Angalia huyo mzee wako kwa zile alama za NEWS2 wanazotumia Uingereza kuona mgonjwa anaharibika kiasi gani (alama nyingi ni hatari zaidi), presha ya 124 ni sifuri, oksijeni 95 ni alama 1 tu, lakini kupumua 25 kwenda juu ni alama 3 hapo hapo, na hakuna kipimo kimoja kinachopewa zaidi ya 3. Kwa hiyo kilichokuwa kinapiga kelele ni kile kimoja ulichokibuni.

Namna ya kuhesabu: usimwambie nahesabu pumzi zako, akijua tu anabadilisha. Mshike mkono kama unahesabu mapigo, ukimaliza mapigo usiuachie, hamisha macho kifuani au tumboni, dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde. Mtu mzima ni 12 mpaka 20. Na hiyo dakika ndo jicho linajifunza, utaona mabega yanapanda, ngozi kati ya mbavu inaingia ndani, pua zinatanuka. Kifua kisipoonekana vizuri laza mkono wake juu ya kifua chake, utaona mkono ukipanda na kushuka.

gari_la_dharura:
Naongezea. Shida ya wengi ABCDE wanaikariri kama shairi wakati ile ni kazi, ukikuta tatizo kwenye A unalitatua hapo hapo kabla hujaenda B. Mtu hajitambui anakoroma, huko kukoroma si usingizi, ulimi umeziba nusu ya njia, inua kidevu kwanza mengine baadaye (kama ameanguka au kagongwa unasukuma taya tu, shingo usiikunje). Mimi naanzia kwenye salamu. Shikamoo mzee, unaitwa nani, nini kinakusumbua? Akinijibu sentensi nzima inayoeleweka najua njia ya hewa iko wazi, pumzi anayo, na damu inafika kwenye ubongo, sekunde tano tu hizo.

Kitu kingine SUKARI. Tuliwahi kuitwa kwa kijana yuko chini, pombe inanuka, watu wote wanasema amelewa muacheni alale. Shati limelowa jasho, ngozi ya baridi, macho yanafunguka ukimfinya tu. Tukamchoma kidole ikasoma 1.9, sukari iko chini sana. Tukaweka glukosi ya mshipa, dakika chache akakaa akauliza viatu vyake viko wapi. Tangu siku hiyo yeyote ambaye ufahamu umebadilika napima sukari, hata kama sababu nyingine inaonekana mchana kweupe.

Na E watu wanairuka kwa aibu. Mfunue, mgeuze, angalia mgongo, halafu mfunike asipate baridi.

mkufunzi_wa_vitendo:
Nakubaliana nao, ila wanafunzi msije mkaichukia mashine, ijueni tu inapodanganya. Mkanda wa presha ukiwa mdogo kuliko mkono inasoma juu. Oksimita (kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni) kwenye kidole cha baridi au chenye rangi ya kucha inasumbua, na mtu aliyevuta moshi wa jiko la mkaa chumba kimefungwa inaweza kukuonyesha 99 huku anakufa, sababu kwenye damu haitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu ya mkaa.

Kwenye C usisubiri presha ishuke, hasa kwa mtoto, kwake ikishuka umeshachelewa. Gusa mikono na miguu kama ni ya baridi, bonyeza ukucha sekunde 5 uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Kijana mwenye presha 118 lakini mapigo 130 na viganja vya baridi baada ya ajali, huyo anavuja damu mahali mpaka uthibitishe hapana.

nesi_mwaka_wa_pili:
Asanteni sana jamani, nimeandika yote. Swali la mwisho, nikishaona kitu nikimpigia daktari nasema nini? Maana nikisema "mgonjwa hayuko vizuri" naambiwa endelea kumwangalia.

mama_zamu_ya_usiku:
Usiseme hayuko vizuri, mpe namba na unachotaka. Wewe nani, mgonjwa gani na kalazwa kwa nini, nini kimebadilika, unaomba nini. Mfano: "Mzee wa kitanda 6 ana nyumonia, saa 10 alikuwa anapumua 22 sasa saa 1 ni 34, hamalizi sentensi, naomba uje umuone sasa hivi." Andika saa uliyopiga na alichokujibu. Asipokuja, mpigie aliye juu yake, na usiogope kwamba wewe ni mwanafunzi, mwite sista wako mpige pamoja.

nesi_mwaka_wa_pili:
Sawa sista. Leo nimehesabu wagonjwa wangu wote saba dakika nzima nzima, hakuna hata mmoja aliyetoka 20.