Komedi ikigeuka msiba: mwisho wa msimu wa nne wa Black-ish ulitutendea haki?

Mwanzisha mada: Wakuu, nimerudia msimu wa nne wa Black-ish, ile komedi ya familia ya Kimarekani iliyotungwa na Kenya Barris, na donge langu la 2018 limerudi lilelile. Kwa wasioijua: Dre (Anthony Anderson) anafanya kazi kwenye matangazo, mkewe Bow (Tracee Ellis Ross) ni daktari wa usingizi, watoto watano. Miaka yote wanazozana na kupatana kabla kipindi hakijaisha. Mara, msimu ukikaribia mwisho, wakaanza kuachana kweli. Hakuna aliyechepuka wala kupiga mtu. Wamechokana tu. Hata rangi za picha zikapoa, nyumba ikawa ya samawati utadhani wodi.

Hapo sina neno, waliigiza vizuri mno. Tatizo langu ni ile sehemu ya mwisho, Mei 2018: baba yake Bow anafariki, Dre anarudi kumfariji, ndoa imepona. Msiba umegeuzwa gundi!

Shabiki wa vicheko: Mimi hata hayo ya kuachana siyataki. Nikitoka kazini saa mbili usiku nataka kucheka. Ya kuachana ninayo ya majirani, bure, bila bando.

Mama Mapacha: Mwanzisha mada, wewe unadhani watu wazima hurudiana kwa kikao? Kaka yangu na wifi walikaa miezi saba hawasemezani. Tukafiwa na mama. Siku ya pili kaka anapanga viti uani, wifi akamletea chai ya rangi, sukari vijiko vitatu, bila kuulizwa. Wako pamoja hadi leo.

Mkongwe: Hamjaona kitu nyie. Septemba 1976, Good Times, komedi nyingine ya Kimarekani, ilifungua msimu wa nne kwa kumuua baba wa familia, James Evans, kwa ajali ya gari. (Ukweli wa nyuma ya pazia: John Amos, aliyemcheza James, alikuwa ametimuliwa, maana alilalamika kwamba masihara ya J.J., mwanawe kwenye komedi hiyo, yamezidi.) Florida, mkewe James, alivyomcheza Esther Rolle, anahudumia wageni baada ya mazishi, anatabasamu, halii, mpaka wanawe wanamshangaa. Wageni wakishaondoka, anashika bakuli la kioo, analibamiza chini. Ndipo kilio kinatoka. Na James hakurudi. Sasa hapo ndipo ujue waandishi wamekubali gharama, hata kama chanzo chenyewe kilikuwa ugomvi wa kazini.

Mwanzisha mada: Shikamoo Mkongwe, hilo bakuli ndilo nililokuwa nalitafuta! Dre na Bow hawakuvunja chochote ambacho hakikuungwa kabla ya msimu kwisha. Mama Mapacha, ile chai imenigusa, sikatai. Ila kaka yako hakuwa na waandishi wanaohitaji familia iwe nzima kwa msimu wa tano.

Shabiki wa vicheko: Kwani mlitaka waachane moja kwa moja, watoto watano wale? Mna roho ngumu.

Mwanzisha mada: Nilitaka wazungumze. Yale waliyogombania hayakuguswa tena, marehemu kayafunika yote. Mama Mapacha, hebu niambie, kaka na wifi walikuja kuyazungumza lini, ya ile miezi saba?

Mama Mapacha: Hawajayazungumza.