Kidole kimekatwa na presi ya bati: fidia inakuwaje, na tuzuieje kisirudie?

Msimamizi wa zamu, Vingunguti
Wakuu, habari za kazi. Tunakata na kukunja bati hapa Dar es Salaam. Jana usiku opareta wa presi amekatwa kidole cha shahada kwenye pingili ya pili. Kipande kiliwekwa juu ya barafu, hospitali wakasema hakiungiki, wakashona. Mwajiri anadai ni uzembe, anataka kumpa pole na karatasi asaini yaishe. Kijana ni kibarua, hana mkataba wa maandishi. Ana haki gani?

Mdau wa fidia
Asisaini chochote. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) haulipi kwa kutafuta nani mzembe. Kinachotazamwa ni kama ameumia akiwa kazini. Makubaliano ya mdomo nayo ni ajira, mradi uwepo ushahidi: daftari la mahudhurio, miamala ya malipo kwenye simu, majina ya waliokuwa zamu.

Mwajiri ana siku 7 za kutoa taarifa WCF, na OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini) wapelekewe pia. Madai yenyewe yasivuke miezi 12 tangu ajali. Akiwa hawezi kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara: wa 300,000 anapata 210,000 kwa mwezi. Baadaye daktari hupima ulemavu wa kudumu. Ukiwa asilimia 30 au chini, hulipwa mkupuo mmoja. Ukizidi hapo, ni pensheni ya kila mwezi. Kidole kimoja kwa kawaida kinaangukia kwenye mkupuo. Kagueni cheti cha daktari kitaje mkono upi, kidole kipi na pingili ngapi, maana cheti kilichoandikwa "jeraha la mkono" tu humpunja.

Muuguzi wa majeruhi
Barafu ikigusa nyama moja kwa moja inaigandisha na kuharibu mishipa midogo. Kipande kisuuzwe taratibu kwa maji safi, kifungwe kwa gauzi yenye unyevunyevu, kiingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha mfuko huo ndio ukae kwenye maji yenye barafu. Kwenye jeraha kandamiza kwa kitambaa safi na inua mkono. Msifunge waya wala mpira kwenye kidole. Pete zitoke mapema kabla hajavimba. Hata hivyo, kidole kilichopondwa na presi mara nyingi hakiungiki hata kikitunzwa vizuri, kwa hiyo asilaumiwe aliyekibeba.

Sasa hivi muulize kama amechomwa sindano ya pepopunda. Mkono ukae juu ya usawa wa moyo. Vidole vilivyobaki aanze kuvikunja na kuvikunjua mapema, kwa jinsi daktari atakavyoruhusu. Vikikakamaa, mkono mzima unakosa nguvu, na hilo humtesa kuliko kidole chenyewe. Kidonda kikipona, akisugue kigutu kwa pamba, kisha taulo, kila siku, ili kisiwe kinashtuka kikiguswa. Maumivu ya kidole ambacho hakipo tena ni ya kweli, ayaseme kliniki.

Fundi mitambo
Presi hiyo ina vitufe viwili, kimoja kwa kila mkono?

Msimamizi wa zamu, Vingunguti
Vipo, ila kimoja kimekazwa kwa waya ili kazi iende haraka.

Fundi mitambo
Basi chanzo ni hicho, uzembe wa kijana hauingii. Ondoeni waya leo. Vitufe vinapaswa kubonyezwa pamoja ndani ya nusu sekunde, na kuachia kimoja kuisimamishe presi. Umbali nao unahesabika: mkono huchukuliwa kwenda milimita 1,600 kwa sekunde. Presi ikichukua sekunde 0.2 kusimama, hiyo ni milimita 320; ongeza 250 za tahadhari, kwa hiyo vitufe vikae milimita 570 au zaidi kutoka panapobana. Lakini kama ni presi ya kizamani ambayo ikishaanza kushuka haisimami katikati, vitufe havitoshi. Weka kinga ya chuma isiyofunguka. Mwanya wa milimita 8 kwenye kinga hiyo uwe angalau milimita 20 kutoka kwenye hatari. Bati lililokwama litolewe kwa koleo, umeme ukiwa umezimwa na kufuli lipo kwenye swichi kuu, ufunguo mfukoni mwa anayelitoa.

Kabla hamjagusa mashine, piga picha ya ule waya. Mkaguzi wa OSHA atauulizia.